Kikombe hakiambukizi TB: majibu ya barua zenu kuhusu kifua kikuu

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu kifua kikuu. Barua zimetoka Busia, Soroti, Bombo, Kampala, Mbarara na Malaba, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nani wa kuogopwa, na kwa muda gani? Shirika la Afya Duniani limeiweka Uganda kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB kwa miaka ya 2021 hadi 2025, kwa hiyo hofu hiyo ina msingi. Tatizo ni kwamba mara nyingi inamwangukia mtu asiyestahili. Anayemeza dawa anatengwa, na anayekohoa mwezi mzima bila kupimwa anakaribishwa sebuleni. Majina tumeyaondoa, na barua zilizofanana tumeziunganisha.

Mume wangu ameambiwa ana TB ya mapafu, ameanza dawa wiki iliyopita. Mama mkwe ameshamtengea sahani, kikombe na kijiko, na anataka mimi na watoto tuhamie kwa jirani. Nina mtoto wa miaka 3 na mwingine wa miezi 5 anayenyonya. Nifanyeje?
*Mama wa wawili, Busia*

Pole sana mama, na baba watoto mpe pole zetu. Vyombo vichanganyeni kama zamani. Mama mkwe ana nia njema na mwelezeni kwa heshima, lakini kikombe hakina kosa.

TB ya mapafu husafiri hewani. Mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au kuongea kwa nguvu, hutoa matone. Yaliyo makubwa huanguka chini. Yaliyo madogo kabisa hukauka na kubaki yakielea saa kadhaa ndani ya chumba kisichopitisha upepo. Mtu akiyavuta yakafika kwenye vifuko vya hewa, chini kabisa ya mapafu, hapo ndipo maambukizi yanapoanzia. Bakteria aliyebaki kwenye kijiko, shuka au kiti cha choo hana njia ya kufika huko. Kwa hiyo kula sahani moja, kushikana mikono na kufua nguo zake havina hatari.

Basi nguvu iliyotumika kwenye vyombo ihamishieni kwenye hewa. Fungueni dirisha na mlango unaolikabili ili upepo uingie upande huu na kutokea upande wa pili. Dirisha moja peke yake halitoshi, na pazia zito ni kama dirisha lililofungwa. Nyumba nyingi za kupanga, zile za chumba kimoja zinazoitwa muzigo, zina tundu moja tu ukutani. Mkiishi katika nyumba ya namna hiyo, mchana mzima kaeni nje barazani au chini ya mti, na mgonjwa apokee wageni huko huko. Jua na upepo wa nje humaliza kazi ambayo dawa ya kunyunyizia sakafuni haiwezi. Usiku, kama kuna chumba cha pili, alale peke yake wiki hizi za mwanzo. Kama hakuna, yeye alale upande wa dirisha lililo wazi na watoto wawekwe mbali naye. Akiwa ndani na watu avae barakoa ya kawaida. Avae yeye, kwa sababu barakoa hiyo hunasa matone yanapotoka mdomoni, ila haimkingi vizuri mzima anayevuta hewa ambayo tayari imeshachafuka. Makohozi atemee kwenye kopo lenye kifuniko, yamwagwe kwenye choo cha shimo.

Kwa muda gani? Dawa zikiwa ndizo na zikimezwa kila siku, uwezo wa kuambukiza hushuka haraka, na wiki 2 za kwanza ndizo za tahadhari kubwa. Sharti ni kwamba bakteria zake ziwe zinasikia dawa za kawaida. Muulize mhudumu: kipimo cha GeneXpert, mashine inayotafuta bakteria wa TB kwenye makohozi, kilisema nini kuhusu rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB? Kama kilionyesha usugu, hesabu ya wiki 2 haifai na matibabu yake ni mengine.

Sasa tuje kwa watoto, maana hapo ndipo pa kuharakisha. Mume wako hakuanza kukohoa siku aliyopimwa. Wiki zote zile kabla ya dawa mlikuwa mkivuta hewa moja, kwa hiyo kuhama leo hakufuti yaliyokwisha pita. Kinachowafaa watoto ni kupimwa wiki hii. Mtoto wa chini ya miaka 5 akiambukizwa, huugua upesi kuliko mtu mzima, na TB yake inaweza kupanda kwenye utando wa ubongo. Nenda na kadi zao za kliniki. Mhudumu atatazama kama mstari wa uzito umelala au umeshuka, atauliza kuhusu kikohozi, homa, na kama mtoto ameacha kucheza. Wadogo hawajui kutoa makohozi, kwa hiyo vituo vinaweza kupima kinyesi chao kwa mashine ile ile ya GeneXpert.

Akikutwa hana ugonjwa, atapewa dawa za kinga. Vituo hutumia isoniazidi kila siku kwa miezi 6, au mchanganyiko wa rifampisini na isoniazidi kwa miezi 3. Akikutwa nao, asicheleweshwe hata siku moja. Vidonge vya watoto huyeyushwa kwenye maji kidogo, na vina ladha ya matunda. Mtoto mwenye TB isiyo kali sasa anaweza kutibiwa miezi 4 badala ya 6, matokeo ya utafiti uliohusisha watoto wa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India. Endelea kumnyonyesha mdogo kama kawaida. Wewe pia upimwe TB, na wewe na mume wako mpimwe VVU, kwa sababu majibu yake yanabadilisha mpango wa dawa.

Huku kwetu tunakunywa malwa, pombe yetu ya kienyeji, chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, lakini mara nyingine tunaazimana. Nimesikia mrija ndio unaoleta TB. Ni kweli?
*Mnywaji wa jioni, Soroti*

Mrija hauleti TB. Kinacholeta ni kibanda chenyewe. Watu kumi wamekaa duara, magoti yanagusana, turubai limeshushwa pande zote kwa ajili ya mvua au baridi, wanaongea kwa sauti na kucheka kwa saa nne. Mmoja akiwa na TB ambayo haijatibiwa, wote wanavuta pumzi zake. Ingekuwa hivyo hivyo hata kama kila mtu angekuwa na chupa yake ya soda.

Inueni turubai pande mbili zinazotazamana, au chungu kiwekwe nje. Na kama mwenzenu wa kila siku anakohoa wiki ya tatu sasa, mpelekeni kituoni. Mrija kuazimana una madhara yake mengine, hatuusifu, ila si TB. Jambo jingine ni kwamba pombe nyingi ya kila siku hudhoofisha kinga ya mwili, na mnywaji hupata TB kirahisi zaidi kuliko jirani yake.

Nakohoa wiki ya tatu. Dukani walinipa amoksilini, kisha siproflokasini, nikapata nafuu siku nne, kikarudi. Kituoni walinipa kikopo, nikarudisha, wakasema "ni mate, rudia". Makohozi mazuri yanapatikanaje?
*Fundi wa pikipiki, Bombo*

Kwanza umefanya vyema kwenda. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka na kukonda bila sababu ni dalili za kupimwa, hata ukiwa na moja tu. Kwa anayeishi na VVU hatusubiri wiki 2. Kikohozi cha siku yoyote kinatosha.

Siproflokasini ni ya kundi la dawa zinazogusa bakteria wa TB kidogo, bila kuwamaliza. Unapata nafuu ya muda, kipimo kinaweza kushindwa kuwaona, na bakteria wanaobaki wanaanza kuizoea dawa ya kundi ambalo madaktari wanalihitaji kwa TB sugu. Usirudi kununua nyingine. Mwambie mhudumu ulizomeza, na majina yake kama bado una pakiti.

Kuhusu kikopo, fanya hivi. Fanya asubuhi, mara tu ukiamka, kabla ya chai, kwa sababu makohozi ya usiku kucha yamejikusanya kifuani. Sukutua mdomo kwa maji matupu mara mbili ili mabaki ya chakula yatoke. Dawa ya meno iache hadi umalize. Toka nje, simama mahali penye upepo, mbali na watu, wala usijifungie chooni. Vuta pumzi ndefu, ishikilie kwa kuhesabu hadi tano, itoe taratibu. Rudia. Mara ya tatu vuta pumzi, kisha kohoa kutoka tumboni, kikohozi kinachokukunja mgongo. Kinachopanda kiache moja kwa moja ndani ya kikopo bila kugusa kingo kwa mdomo. Endelea hadi upate mililita 3 hadi 5, karibu kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Makohozi huwa mazito na hunata, ya njano, ya kijani au meupe kama ute, na yakiwa na damu mwambie mhudumu. Mate huwa mepesi, yana mapovu na hutiririka ukiinamisha kikopo. Hilo ndilo waliloliona kwako.

Funga kifuniko hadi kikaze, osha mikono, weka kikopo kivulini na ukipeleke siku hiyo hiyo. Kikikaa juani juu ya tangi la pikipiki, sampuli huharibika. Kama kituo chako hakina mashine, waendesha pikipiki wa kusafirisha sampuli huichukua hadi kwenye hospitali yenye GeneXpert. Mashine yenyewe hutoa jibu kwa muda usiofika saa 2, likionyesha kama bakteria wa TB wapo na kama wana usugu kwa rifampisini. Kinachochelewesha jibu ni safari na foleni, kwa hiyo acha namba ya simu inayopatikana. Vipimo na dawa za TB katika vituo vya serikali ni bure. Ukiombwa pesa, uliza ofisi ya afya ya wilaya.

Jibu langu la makohozi lilitoka halina TB, lakini nazidi kukonda na usiku nalowa jasho. Niamini karatasi au mwili?
*Mwalimu, Kampala*

Amini mwili, mwalimu, na urudi na karatasi yako. Jibu hasi maana yake ni kwamba katika sampuli ile bakteria hawakuonekana. Pengine yalikuwa mate. Pengine ni wachache, jambo la kawaida kwa watoto na kwa wenye VVU ambao kinga imeshuka. Pengine TB haiko kwenye mapafu kabisa: inakaa pia kwenye tezi za shingo, maji yanayozunguka pafu, uti wa mgongo, tumbo na utando wa ubongo. Uvimbe wa shingo usiouma, maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, au kichwa kuuma kwa wiki kadhaa pamoja na kutapika, vyote ni vya kutajwa kwa daktari bila kusubiri aulize.

Omba picha ya kifua. Kama unaishi na VVU na kinga iko chini, kuna kipimo cha mkojo kinachotoa jibu kwa dakika 25 hivi. Sampuli pia inaweza kuoteshwa maabara, ingawa jibu hasi la njia hiyo huchukua hadi wiki 6. Daktari anaruhusiwa kuanza matibabu kwa dalili na picha peke yake, na mara nyingine hilo ndilo linalookoa maisha. TB ya nje ya mapafu haiambukizi wengine, ila huua sawasawa na ile nyingine, na ya ubongo au mifupa hutibiwa kwa miezi 12.

Niko mwezi wa pili wa dawa. Kikohozi kimeisha, nimeongezeka kilo 4, nimerudi barabarani. Vidonge vinanichosha, na waragi nimekatazwa. Kwa nini miezi 6 ilhali nimepona?
*Mwendesha boda, Kampala*

Hongera kwa kilo 4, ndugu yetu. Hizo ni dalili kwamba dawa zinafanya kazi. Kupona bado.

Bakteria wa TB ana tabia ya ajabu: hujigawa mara moja kwa saa 18 hadi 24, ilhali bakteria wengi wa matumbo hujigawa kwa dakika 20 hivi. Dawa nyingi humpiga bakteria anapokuwa kazini, anajijenga au anajigawa. Wale wanaojigawa ndio wanaokufa katika wiki za mwanzo, na kikohozi kinaondoka nao. Wanabaki waliolala ndani ya seli na ndani ya vidonda vya mapafu, wakiamka mmoja mmoja kwa miezi. Ukiacha mwezi wa pili, hao ndio watakaokurudishia ugonjwa, kwa kawaida katika miezi michache inayofuata.

Kwa hiyo miezi 2 ya kwanza unameza dawa nne zilizochanganywa kwenye kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi 4 inayofuata unabaki na rifampisini na isoniazidi. Idadi ya vidonge hufuata uzito: kwa kawaida mtu mzima wa kilo 40 hadi 54 humeza 3 kwa siku, wa kilo 55 hadi 70 humeza 4. Wewe umeongezeka kilo 4, basi panda mizani siku ya kliniki, maana huenda umevuka kundi na dozi yako sasa ni ndogo kuliko mwili wako. Hili husahaulika sana, na mgonjwa ana haki ya kulikumbusha.

Tena miezi 6 ni nafuu kubwa. Wagonjwa wa zamani walimeza dawa miezi 18 pamoja na sindano. Majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndiyo yaliyoionyesha dunia kwamba rifampisini au pirazinamidi zikiongezwa, miezi 6 inatosha. Chini ya hapo, kwa dawa hizi nne, ugonjwa ulirudi kwa watu wengi mno.

Kwa nini dawa nyingi pamoja? Katika mamilioni ya bakteria walioko kifuani, wapo wachache waliozaliwa na kinga dhidi ya dawa moja. Dawa ya pili na ya tatu huwaua hao. Ukimeza leo, kesho usimeze, ukachagua kidonge hiki na kutupa kile, wachache wale wanabaki peke yao na kuzaana. Hiyo ndiyo TB sugu, na utaiambukiza kwa mkeo na abiria wako ikiwa sugu tayari. Hutibika: tangu 2022 kuna mpango wa miezi 6 wa vidonge vya bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, bila sindano zile zilizokuwa zikiua masikio. Lakini madhara yake ni mazito zaidi, na ufuatiliaji ni mkali.

Vidonge vinavyochosha havifanani. Mkojo, jasho na machozi kuwa ya rangi ya chungwa ni rifampisini, haina neno. Viungo kuuma ni pirazinamidi. Omba dawa ya maumivu na uendelee. Nyayo kuwaka moto au kufa ganzi ni isoniazidi. Vitamini B6 hulitatua, nayo hupatikana kituoni. Lakini macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, ukatapika na kukosa hamu ya kula, acha vidonge vyote na uende kituoni siku hiyo hiyo, kwa kuwa ini limeguswa. Kuona ukungu au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani ni ethambutoli, nako ni kwenda siku hiyo hiyo. Mwendesha boda asiyeona taa ni hatari kwa wote. Waragi imekatazwa kwa sababu ini lile lile linalosaga pombe ndilo linalosaga dawa tatu kati ya hizi nne.

Meza wakati uleule kila siku, asubuhi kabla ya kula ikiwezekana. Ukichafukwa na tumbo, kula kidogo kwanza. Afadhali zimezwe na chakula kuliko zisimezwe. Ukisahau asubuhi, meza ukikumbuka siku hiyo hiyo. Kesho usimeze mara mbili kufidia. Msaidizi wako wa dawa awe mtu anayekuona kila siku, hata mwenzako wa stendi.

Makohozi yatapimwa tena mwishoni mwa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, hata kama lazima uyatafute kwa shida. Hapo hutumika darubini au kuotesha. GeneXpert haifai kwa kazi hiyo, maana husoma vinasaba hata vya bakteria waliokufa na itakutisha bure.

Akina dada waliouliza kuhusu uzazi wa mpango: rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na kijiti cha mkononi. Sindano ya Depo, kitanzi cha shaba na kondomu hazidhuriki. Mwambieni muuguzi mwezi wa kwanza, kabla mimba haijaingia.

Naishi na VVU, ARV nameza vizuri, siumwi chochote. Kwa nini wananipa dawa za TB?
*Dada, Kampala*

Kwa sababu kuambukizwa na kuugua ni vitu viwili. Karibu robo ya watu wote duniani wana bakteria wa TB waliolala mwilini, hawakohoi wala hawaambukizi mtu. Kati yao asilimia 5 hadi 10 ndio wataugua katika maisha yao yote. VVU huipandisha hatari hiyo mara nyingi, na ARV huipunguza bila kuimaliza. Dawa za kinga huwaua waliolala kabla hawajaamka.

Kabla ya kukupa, lazima waulize dalili nne: kikohozi, homa, jasho la usiku, kukonda. Ukiwa na hata moja, sema. Dawa ya kinga ni moja au mbili tu. Mwenye ugonjwa kamili akipewa hizo, anatengenezewa usugu. Utapewa isoniazidi kila siku kwa miezi 6, au isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Ya kila wiki ina vidonge vingi kwa mkupuo, kwa hiyo chagua siku usiyoisahau, kwa mfano ya ibada.

Na ikitokea umeugua TB huku unatumia dolutegraviri, mojawapo ya ARV, ile ya miligramu 50 mara moja kwa siku itakuwa mara mbili, asubuhi na jioni, kwa sababu rifampisini huiondoa mwilini upesi. Hakikisha kliniki zote mbili zinajua unachomeza.

Nina kovu la chanjo ya BCG begani. Kwa nini bado niliugua?
*Mwanafunzi, Kampala*

BCG, ambayo ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1921, huwakinga watoto wachanga dhidi ya TB ya ubongo na ile inayosambaa mwilini. Kwa mapafu ya mtu mzima kinga yake ni dhaifu. Mtoto apewe mara tu azaliwapo. Asipopata kovu, chanjo hairudiwi.

Sisi wafugaji tunakunywa maziwa mabichi, na bongo, yaani maziwa ya kuganda, tunaitengeneza bila kuchemsha. TB ya ng'ombe inatufikia?
*Mfugaji, Mbarara*

Inafika, na inapita kwenye maziwa. Bakteria wa ng'ombe ni ndugu wa karibu wa yule wa binadamu. Akimezwa, mara nyingi hukaa kwenye tezi za shingo au tumboni. Pia hasikii pirazinamidi kwa asili yake, kwa hiyo mwambie daktari kwamba unafuga. Kugandisha maziwa hakumuui kwa uhakika. Chemsha hadi yafure, yaache yapoe, kisha ndipo utie chachu ya bongo, itaganda vizuri. Mapafu au tezi zenye uvimbe mgumu wa rangi ya jibini zikionekana machinjioni, mwite daktari wa mifugo kabla nyama haijauzwa, kwani zizi alikotoka ng'ombe huyo linahitaji kuangaliwa.

Ni dereva wa lori, Malaba hadi Juba. Nimeanza dawa juzi. Nikisafiri wiki tatu itakuwaje?
*Dereva, Malaba*

Safari ya kwanza iahirishe, ukiweza, hadi wiki 2 za mwanzo zipite. Kabini ya lori ikifungwa madirisha ni chumba kidogo kuliko vyote tulivyozungumzia, na utingo wako anavuta pumzi yako siku nzima. Naye apimwe. Mkilazimika kwenda, madirisha yote mawili yawe wazi, kiyoyozi kizimwe, na wewe uvae barakoa.

Kituoni usifiche kazi yako. Omba dawa za siku zote za safari na nyongeza ya wiki 1, kwa kuwa mpakani foleni haina ahadi. Omba pia barua ya rufaa yenye namba yako ya mgonjwa, tarehe uliyoanza, jibu la GeneXpert, uzito na idadi ya vidonge. Ukiishiwa njiani, barua hiyo ndiyo itakayomwezesha mhudumu wa kituo kingine akuendeleze bila kuanza upya. Piga picha yake kwa simu. Vidonge vibaki ndani ya karatasi zake za plastiki, visitolewe na kuchanganywa kwenye kopo, na visikae juu ya dashibodi: joto na unyevu huviharibu. Viweke ndani ya begi la nguo, upande wa kivuli. Tarehe ya makohozi ya mwezi wa 2 iandike sasa kwenye kitabu cha safari, na mwambie bosi wako mapema kwamba siku hiyo uko Malaba.